Mshonaji wa Kitanda cha Tisa

Spika ya kliniki ya wazazi ilianza kumwita mtu asiyekuwepo Jumatatu moja asubuhi, mabenchi yakiwa yamejaa mpaka wengine wamesimama na watoto migongoni. "Mgonjwa namba mia nne na tisa, chumba namba nne," ilisema ile sauti ya kike iliyorekodiwa, laini kama ya mtangazaji wa redio. Hakuinuka mtu. Ikaita tena, na tena, hadi wazee waliosindikiza mabinti zao wakaanza kunung'unika kwamba huyo mia nne na tisa anawachelewesha wenzake. Ndipo mlango wa chumba namba nne ukafunguka taratibu, ukakaa wazi kiasi cha mtu kupitisha ubavu, halafu ukajifunga. Nesi aliyekuwa ndani alitoka, akasema kichwa kinamuuma, akaenda zake nyumbani bila hata kuvua koti la kazi.

Habari ikamfikia Asilimia ofisini kwake. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo cha takwimu, na jina hilo alibandikwa na wafanyakazi kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuzungumza. Ukimuuliza habari za asubuhi, atakujibu kwamba wagonjwa wanaosubiri zaidi ya saa moja wamepungua kwa asilimia ishirini. Alicheka kidogo aliposikia mambo ya mlango, akafungua kompyuta aone huyo mia nne na tisa ni nani. Mfumo wa hospitali ulikuwa ukimpangia kila mzazi aliyeruhusiwa tarehe ya kurudi kupimwa, wenyewe bila kukumbushwa, na siku ikifika unamwita kwa spika. Akaona kazi ya mgonjwa: mshonaji. Akaona kitanda: cha tisa. Akaona hali yake: ameruhusiwa, anaendelea vizuri. Kicheko kikamkauka mdomoni, maana maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe, na alijua fika kwamba mshonaji yule alikuwa kaburini.

Tumtendee haki, mfumo wenyewe haukuwa na ubaya. Kabla haujaletwa, mafaili yalikuwa yakipotea hovyo, dawa zikitembea zenyewe kutoka stoo hadi maduka ya mtaani, na mtu aliweza kushinda na njaa foleni nzima akaambiwa daktari hayupo. Asilimia aliusimika kwa jasho lake. Foleni zikafupika, majibu ya maabara yakawa yanamfikia daktari kabla mgonjwa hajarudi kwenye benchi, na damu iliyokuwa ikiuzwa kwa mlango wa nyuma ikaacha kuuzwa, kwa sababu Asilimia alitoa waraka mkali: stoo ya damu isitoe hata chupa moja kwa mtu ambaye faili lake halijafunguliwa kwenye mfumo. Hospitali ikapanda hadi ikawa ya kwanza kati ya zote zilizokuwa zikishindanishwa na wizara. Mkurugenzi akapewa ngao ya shaba, akaitundika nyuma ya kiti chake, na tangu siku hiyo akawa haulizi tena wagonjwa wanaendeleaje. Anauliza namba zinaendeleaje.

Ukipanda hapo juu, kushuka ni aibu. Kwa hiyo ukazuka mtindo ambao wao wenyewe waliuita kusafisha takwimu. Siku ya kufunga ripoti ya mwezi, mgonjwa anayeonekana hatafika jioni, faili lake linafungwa mapema: ameruhusiwa, anaendelea vizuri. Akija kufa, anafia nje ya hesabu. Kitanda anacholalia ni kile kile na godoro ni lile lile, lakini kwa mfumo ameshaenda zake. Waliona hakuna aliyeumizwa, kwa kuwa wa kufa atakufa tu, na ripoti inabaki safi.

Mshonaji alikuwa mwanamke wa mtaa wa jirani, fundi wa sare za shule, aliyejifungua salama kisha damu ikakataa kukata. Ilikuwa siku ya kufunga ripoti. Mkurugenzi alipiga simu akasema hataki kifo cha mzazi kwenye karatasi yake. Asilimia akamuuliza nesi wa zamu hali ya kitanda cha tisa, nesi akamwambia bado anapumua na daktari ameagiza damu. Bado anapumua. Alilisikia neno hilo vizuri kabisa, na bado akalifunga faili. Mhudumu wa damu alipotazama skrini akaona mgonjwa ameruhusiwa, akaifuata ile amri ya waraka kama alivyofundishwa, akarudisha chupa kwenye jokofu. Nesi na mhudumu walipomaliza kubishana, mshonaji alikuwa ameshakata roho. Mama yake alikaa getini siku mbili na kanga ya kumbebea mjukuu, akiambiwa na mapokezi kwamba binti yake ameruhusiwa, ameondoka, labda wamepishana njiani. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumkuta mochwari.

Baada ya Jumatatu ile Asilimia aliifuta ile miadi, akaamini yamekwisha. Hayakwisha. Ilianza sauti. Katika chumba cha mitambo kilichopakana na ofisi yake, mahali penye kompyuta kubwa na kiyoyozi tu, ikasikika cherehani ya miguu. Trrrr, inanyamaza, kama mtu anageuza kitambaa, halafu trrrr tena. Wafanyakazi wa takwimu wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aseme kwanza. Saa sita mchana, jua limewaka dirishani, watu wanapita koridoni na chai zao, na cherehani inashona ukutani. Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya dawa wala ya panya aliyefia kwenye dari, ilikuwa ya damu mbichi, nzito, ya kukaa kwenye koo, na ukiifungulia dirisha ndiyo kwanza inaongezeka.

Wiki ile mashine ya kuchapia ikagoma siku ya ripoti. Fundi akaifungua, akakuta ncha ya uzi mweupe, akauvuta. Uzi ukaja. Akaendelea kuvuta akitania kwamba leo atashonewa suruali, na uzi ukaja, ukajaa mapajani mwake, ukamwagika sakafuni, na utani ukamwisha kidogo kidogo kadiri uzi ulivyokuwa ukitoka umelowa, kisha wa waridi, kisha mwekundu unaodondoka, hadi mikono yake ikawa kama ya mtu aliyetoka kuchinja, naye hawezi kuacha kuvuta kwa sababu safari hii uzi ndio uliokuwa ukimvuta yeye. Ilibidi wenzake waukate uzi kwa mkasi. Hakurudi kazini tena, na zana zake hakuzifuata.

Mkurugenzi, daktari bingwa mwenye vyeti ukuta mzima, ndiye aliyemwita mganga. Alimpitishia mlango wa jikoni ili watu wasione. Mganga alikuwa mzee mfupi mwenye miwani ya kusomea, hana mbwembwe. Aliingia chumba cha mitambo, akanusa, akaweka kiganja chake juu ya kompyuta kubwa kama anayempima mtoto homa. Alipotoka alikuwa hana damu usoni. Alikataa hata nauli.

"Jini ningemtoa," alimwambia Asilimia kwa sauti ya chini. "Huyu si jini. Ni mtu wenu. Sasa mimi namtoa vipi mtu ambaye nyinyi wenyewe mmeshaandika kwamba ametoka?"

Asilimia akamuuliza huyo mtu anataka nini basi. Mganga akasema anachotaka hakijui, ila ana hasira ambayo hajaikuta kwa kiumbe mwingine yeyote, na kwamba hasira hiyo imewapanga watu kwa zamu. Mkurugenzi alisikia hayo akawaka. Akasema haongozwi na wajinga, na kama mashine ina wazimu dawa yake ni kuichomoa. Akaingia chumba cha mitambo peke yake, akafunga mlango.

Cherehani ikanyamaza. Waliobaki nje waliona afadhali, wakaanza hata kutabasamu, na ukimya ukaendelea, ukazidi, hadi kiyoyozi nacho kikawa hakisikiki, wala miguu ya watu koridoni, wala gari la wagonjwa lililokuwa likiingia getini taa zikimulika bila mlio, kana kwamba hospitali nzima imebana pumzi kumsikiliza mtu mmoja anayeongea taratibu nyuma ya ule mlango. Halafu mlango ukafunguka, Mkurugenzi akatoka. Nywele zake zilikuwa vile vile na suti imenyooka. Asilimia akamuuliza kama yuko sawa.

Mkurugenzi akafungua mdomo. "Mgonjwa namba mia nne na tisa," kikatoka kile kisauti cha kike cha spika, laini, "chumba namba nne."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Macho yalimtoka pima. Tangu hapo hakutamka neno lake tena. Akiomba maji, inatoka sauti ile. Mkewe akimlilia, anamjibu kwa sauti ile. Walimlaza wodi ya daraja la kwanza, na usingizini aliendelea kuita, hadi wagonjwa wa jirani wakaomba kuhamishwa. Wapo waliomhurumia. Wale waliowahi kumsikia akiulizia namba tu, walipita mlangoni kwake bila kugeuza shingo.

Hapo Asilimia akaelewa zamu iliyofuata ni ya nani, na hofu yake haikuwa juu ya nafsi yake. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyemlea peke yake tangu mkewe alipofariki, akamsuka nywele mwenyewe, akamfulia sare mwenyewe, akakaa naye mlangoni akilia usiku wa kuamkia harusi yake. Binti huyo alikuwa mjamzito, miezi imetimia. Baba ndiye aliyemsisitizia ajifungulie kwenye hospitali ya kwanza katika orodha. Sasa alimpigia simu akitweta, akitaka kumwambia aende popote, zahanati yoyote, ila asikanyage pale. Simu iliita bila kupokelewa. Aliporudia mara kadhaa, akapokea jirani. Akasema uchungu ulianza ghafla, wamempeleka kule kule alikotaka baba yake, na ameshapokelewa vizuri sana, foleni hakuna.

Alipofika wodini hakuhitaji kuuliza kitanda. Mfumo ndio uliokuwa ukigawa vitanda.

Binti alikuwa amelala cha tisa, ameshajifungua mtoto wa kike aliyekuwa akilia vizuri mikononi mwa nesi. Alimtabasamia baba yake. "Baba, umekuja," alisema, akamshika kidole gumba kama alivyozoea utotoni. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Asilimia akatazama shuka, akaona wekundu ukitambaa kutoka chini ya kiuno chake kuelekea ukingoni mwa godoro, bila haraka, na juu ya kelele zote za wodi akasikia trrrr.

Daktari aliagiza damu. Nesi akaenda, akarudi mikono mitupu, anakwepa macho ya watu. Asilimia hakungoja maelezo. Alishuka ngazi kwa kasi ambayo umri wake haukuiruhusu, akamkuta mhudumu wa damu dirishani amekaa mbele ya skrini, kijasho kinamtoka.

"Mzee, mfumo unasema ameruhusiwa," mhudumu alisema. "Anaendelea vizuri."

"Ni binti yangu. Nimemwacha juu sasa hivi. Yuko hai."

"Nakuamini, mzee. Lakini jokofu halifunguki. Tangu ulipoliunganisha na mfumo, faili likifungwa nalo linajifunga." Akashusha sauti zaidi. "Na yule wa mwanzo nilikupigia simu. Uliniambia nifuate waraka."

Asilimia alivuta kitasa cha jokofu hadi kucha zikakatika. Akapiga kioo kwa kiti, kiti kikavunjika. Nyuma ya kioo chupa za damu zilikuwa zimepangwa safi, kila moja na kibandiko chake. Akatazama saa ukutani, akakumbuka mshonaji alichukua muda gani kufa, kwa kuwa hata muda huo aliwahi kuuhesabu, ingawa hakuuandika popote, na akaanza kukimbia kuelekea ofisini.

Koridoni watu walikuwa wakimpisha. Harufu ilimpokea kabla hajafika mlangoni, ikamwingia puani na mdomoni, akawa anaimeza anapohema, na kila hatua ilitanguliwa na ile cherehani iliyokuwa sasa haikati, inashona mfululizo kama fundi aliyebakiwa na nguo moja na mteja amesimama, na alipousukuma mlango alimwona mwanamke ameketi kwenye kiti chake, amempa mgongo, gauni la wodi limemganda, miguu yake mitupu ikikanyaga juu na chini pasipokuwa na kitu, na kutoka kwenye gauni hilo hadi sakafuni, hadi chini ya ukuta, hadi kwenye zile nyaya za kompyuta kubwa, umetandaa uzi mwekundu mbichi.

Asilimia akapiga magoti. Akasema anaomba radhi. Alisema mengi, kuhusu amri za wakubwa, kuhusu ripoti, kuhusu kutokujua. Mwanamke aliendelea kukanyaga.

"Ulijua," alisema hatimaye, bila kugeuka. Ilikuwa ni ile sauti ya spika, ila ndani yake mlikuwa na mtu. "Nilikuwa nasikia. Nesi alikwambia bado napumua. Nikasema basi, huyu baba ataleta damu."

Asilimia akaacha kujitetea. Alitambaa hadi kwenye meza, akafungua faili la mia nne na tisa pembeni ya yule mwanamke, karibu kiasi kwamba ubaridi wake ulimgandisha shavu. Akafuta neno ameruhusiwa. Akaandika: amefariki. Mahali pa sababu akaandika kwamba alinyimwa damu akiwa hai, kwa kuwa mkuu wa takwimu alilifunga faili lake ili ripoti iwe safi, akaweka jina lake kamili na kulituma faili hilo wizarani, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu yeyote pale hospitalini ambao ungeweza kulifuta. Kisha akafungua faili la binti yake. Halikukubali. Akajaribu tena. Ameruhusiwa, anaendelea vizuri. Akalia kama mtoto.

"Mwanangu hana kosa," alisema. "Hata wewe unajua. Kama unataka mtu, mimi nipo hapa. Nichukue mimi."

Miguu ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile kukawa na kimya cha kawaida, chenye kiyoyozi na honi za magari nje.

"Nimesikia," mwanamke akasema.

Alipoinua uso kiti kilikuwa kitupu na sakafu kavu. Skrini ilionyesha binti yake, kitanda cha tisa, yuko wodini. Asilimia alirudi mbio, akapishana ngazini na mhudumu wa damu aliyekumbatia chupa kifuani. Akamshukuru kwa machozi. Mhudumu alipita bila kumtazama, na Asilimia hakumlaumu, haraka ilikuwa kubwa. Pale wodini alisimama miguuni mwa kitanda akaangalia damu ikidondoka kwenye mrija, tone kwa tone, hadi midomo ya binti yake ikaanza kurudi rangi na daktari akashusha pumzi. Alimwambia daktari Mungu ambariki. Daktari akaandika kitu, akaenda kitanda cha kumi.

Nesi alipita na toroli, likamgonga nyonga sawasawa, akasukuma kama anayesukuma mlango mzito, akaendelea. Asilimia akamwambia taratibu, mama. Nesi hakugeuka.

Jioni binti alifumbua macho. Mtoto wake alikuwa amelala ubavuni. Akatazama huku na huku, akapita juu ya uso wa baba yake aliyekuwa ameinama juu yake anatabasamu, akaenda kutua kwa nesi.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Niko hapa, mama," Asilimia alisema. "Niko hapa, nimekaa hapa hapa."

Nesi alikuwa amekwisha kuuliza mapokezi. Akasema hata yeye ameshangaa, lakini mfumo unamwonyesha aliingia leo na ameruhusiwa, anaendelea vizuri. Ameondoka.

"Kwani aliugua?"

"Sijui, dada. Ndivyo inavyosomeka. Na yule mzee namjua, kama ingekuwa kosa angekuwa ameshalirekebisha."

Asilimia alipiga kelele. Alimshika binti yake mabegani, akalitaja lile jina la utani la utotoni ambalo hakuna mwingine anayelijua, akagonga chuma cha kitanda kwa ngumi, akapiga kelele hadi koo likachanika, na wodi iliendelea na mambo yake, mmoja akimenya chungwa, mwingine akiuliza chaji ya simu. Binti alitazama mlangoni. Machozi yakamtoka polepole, akayafuta kwa ncha ya shuka.

"Nilimwona kabla sijazimia," alisema. "Alikuwa amenishika mkono. Kumbe ni ripoti ndiyo ilikuwa inamngoja. Hakukaa hata ajue kama nimepona."

Akamsogeza mtoto karibu, akageukia ukutani.

"Akija kesho," akamwambia nesi, "mwambie nimelala."